Zamu ya Kulwa

Jumatatu, Geita. Mwezi wa kumi na moja.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi kama mgeni aliyekuja na jambo akashindwa kulisema. Joto ni lile la kabla ya mvua, linalofanya mafuta ya nywele yayeyuke kwenye kopo. Nimesuka vichwa viwili tu. Wateja wangu wengi wameenda vijijini kupanda, wameyaamini mawingu. Mimi siyaamini tena, ila sina shamba, kwa hiyo hayanidhuru.

Nimefunga kibanda mapema. Nimekaa nyuma yake kwenye kigoda, mahali ambapo kelele za bodaboda zinapungua kidogo, na ninaandika haya kwenye simu.

Leo nimechukua zamu ya Kulwa.

Nieleze, maana najua wapo wanaopita kwenye blogu hii ambao hawanijui. Mimi ni Doto. Kulwa alitangulia kutoka, mimi nikafuata. Kwetu Usukumani majina hayo hayachaguliwi, unazaliwa unayakuta yanakusubiri. Tangu siku hiyo mama yetu anaitwa Mama Kulwa, na anaitwa hivyo hadi leo. Kila anayepita mbele ya nyumba yetu kule Mhunze, Kishapu, anamwamkia, shikamoo Mama Kulwa, naye anaitika marahaba. Jina hilo analisikia mara nyingi kwa siku. Sijui linapita wapi ndani yake.

Kulwa alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Mabati yaliyo juu ya nyumba ya mama ni ya jasho lake. Mwaka jana alifariki huko huko kwa homa ambayo hakuna aliyetueleza vizuri, na akazikwa huko huko. Kilichorudi ni begi lake. Mama mmoja wa Tabora aliyekuwa anarejea alilifikisha hadi Kahama, nikalifuata. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri sana, mikono ya magauni imelazwa kifuani. Nilijua papo hapo kwamba si Kulwa aliyezikunja. Kulwa alikuwa anaviringisha nguo kama chapati.

Chini ya nguo kulikuwa na simu yake.

Kwa ukoo wetu pacha hamlilii pacha mwenzake. Habari ilipofika Mhunze ndugu wote walikaa uani, na siku ya kunyolewa ikafika, mama akanyolewa, Shija mdogo wetu akanyolewa, shangazi, wajomba. Mimi shangazi alinishika mkono akaniingiza jikoni, akanipa ungo wa mtama nipepete. Nywele zangu zikabaki. Mimi ambaye kazi yangu ni nywele za watu. Mama alinifuata jikoni, kichwa chake kikiwa kipya na kidogo kama cha mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimlilie, Doto. Ukimlilia atadhani unamwita. Na yeye atakuita."

Sikulia. Nilipepeta mtama mpaka hapakubaki pumba, kisha nikaendelea kupepeta.

Tangu hapo sijalia. Huwa ninasikia kilio kimesimama mahali, kama mtu aliyeko mlangoni anayesubiri aambiwe karibu.

Sasa kuhusu zamu.

Jengo alilokuwa anafanyia kazi Kulwa lilikuwa na familia nyingi, na kila familia ilikuwa na dada wa kazi. Nguo zilianikwa juu ya paa. Huko juu ndiko walikokutana, kwa sababu hakuna bosi anayepanda kuangalia nguo zikikauka. Walikuwa wanne. Kulwa wetu. Akinyi, Mkenya wa upande wa Kisumu, mcheshi, sauti yake kama kengele ya shule. Nakato, Mganda wa Masaka, mpole. Na Tigist wa Ethiopia, ambaye Kiswahili alijifunzia kwenye kamba ya nguo, kwa hiyo alijua kusema "kamua" na "kibanio" kabla hajajua kusema "habari za asubuhi".

Huko juu walianza hadithi. Kulwa alinisimulia kwa simu, anacheka hadi anakohoa. Hadithi ya mwanamke mmoja aliyeamua kurudi kwao kwa miguu. Pasipoti iko kabatini kwa bosi na ufunguo uko shingoni kwa bosi, kwa hiyo akaona basi, miguu haihitaji pasipoti. Kila mmoja alitaka mwanamke huyo aitwe jina lake. Walibishana mpaka nguo zikakauka, wakamwacha bila jina. Wakamwita Yule Dada.

Kila siku ya kuanika, mmoja anasimulia kipande. Tigist ndiye aliyemvusha bahari. Alimkalisha juu ya mlango wa jokofu la bosi na kumpa mwiko wa kupigia kasia. Akampitisha kwao, akanywa kahawa. Akinyi akampokea, akamtembeza pembeni ya ziwa. Nakato akampeleka Masaka, Kulwa akampokea mpakani.

Sheria ilikuwa moja tu. Hakuna kumfikisha nyumbani. Anaweza kupita karibu, anaweza kuona moshi wa jiko lao, anaweza hata kumwona mwanawe anachunga mbuzi ng'ambo ya korongo. Lakini hafiki. Sheria hiyo aliitunga Akinyi. Alisema, "Akifika, sisi tutabaki na nani?"

Baadaye Akinyi alihamishiwa Beiruti na Tigist akaenda Riyadi. Kulwa na Nakato wakabaki kwenye paa. Hadithi ikahamia kwenye simu, kwenye kundi waliloliita Kamba ya Nguo. Kila mmoja anarekodi kipande chake kwa sauti anapopata nafasi. Ukisikiliza utasikia maji yakimwagika, mtoto wa bosi akilia, vyombo. Akinyi amerekodi vipande vingi akiwa chooni, ndiyo sababu Yule Dada akiwa Kenya anaongea kwa mwangwi.

Kipande cha mwisho cha Kulwa ninakijua kwa moyo. Amemtoa Bukoba, Biharamulo, Kahama, amemfikisha Kagongwa. Anasema hivi:

"Basi Yule Dada akaketi juu ya magunia ya mpunga, nje ya mashine ya kukoboa. Miguu inamuwaka. Akapita mama mmoja, akamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka. Yule Dada akafungua kinywa, jibu halikuja. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwamkia hivyo asubuhi. Akasema moyoni, ngoja nikae kidogo, litarudi. Akaangalia barabara…"

Hapo sauti ya mwanamke inaita kwa Kiarabu kutoka mbali. Kulwa anajibu, naam, naam. Inakatika.

Kulwa alikuwa na tabia ya kutomaliza. Chai aliacha robo kikombe. Alikuwa anaanza kunisuka, akifika nusu kichwa anakumbuka jambo anaondoka, nazunguka Mhunze nzima upande mmoja nimesukwa na upande mwingine niko kama jogoo aliyenyeshewa. Kwa hiyo nilipoisikia rekodi hiyo mara ya kwanza kidogo nicheke. Nikasema, huyu ndiye.

Halafu ikatokea ile siku ambayo bado inaniuma.

Nilitaka kuwashukuru wale wanawake kwa kukunja nguo. Nilijua ni mmoja wao. Nikashika simu ya Kulwa, nikafungua Kamba ya Nguo, na kwa kuwa wote walikuwa wanaongea kwa sauti, nami nikaongea. Nikasema, "Jamani, hamjambo. Nawashukuru sana, begi limefika salama." Basi. Nikatuma.

Mtu mwingine yeyote angekumbuka kujitaja. Mimi nimeishi maisha yangu yote na mtu mwenye sauti yangu, na nyumbani hatukuwa na haja ya kusema ni nani anayeongea. Mama pekee ndiye aliyeweza kututofautisha akiwa chumba kingine, na hata yeye alikosea.

Akinyi ndiye aliyesikia kwanza. Rekodi yake ilikuwa ni kelele tupu. "Kulwa! Woi! Kulwa! Si walituambia umekufa! Aki wewe mwanamke, mimi nimekulilia mpaka madam akaniuliza kama ni mume wangu! Nakato! Nakato njoo usikie, Kulwa ako hai!"

Nilikaa na simu mkononi. Ilinibidi mimi, kwa sauti ile ile, niwaambie kwamba amekufa. Nimemuua mara ya pili, niliwaza. Na kwa mdomo wake.

Kundi lilinyamaza siku nyingi baada ya hapo.

Aliyeuvunja ukimya huo ni Nakato. Alisema Kiswahili chake ni kidogo, nimvumilie. Akaniuliza jina langu tena. Nikaandika, Doto, sikuthubutu kuongea. Akaniambia kwao Buganda pacha wa kike wa kwanza anaitwa Babirye na wa pili anaitwa Nakato. "Jina langu si jina tu," alisema. "Babirye wangu alikufa tukiwa wadogo. Doto, wewe ni mimi. Mimi ni wewe. Usiogope sauti yako."

Nikasoma jina lake kwenye simu kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe ukutani katika mji wa ugenini.

Kisha akatuma picha ya kichwa chake. Alisema Kulwa alimsuka juu ya paa, Ijumaa moja kabla hajaugua, na kwamba amechelewa mno kufumua. Nywele zilikuwa zimechakaa, zimeota chini, mistari imefifia. Lakini niliuona. Mstari wa mwisho ulikuwa umepindishwa nyuma ya sikio. Kulwa aliupindisha hivyo siku zote, kwa sababu tulipokuwa tunajifunza tulikuwa tunasukana kwenye kigoda kimoja, na mtu wa kwanza aliyemsuka maishani mwake alikuwa mimi, na mimi sikio langu la kushoto limejitokeza. Alipindisha mstari kuliepa. Baadaye akaendelea kupindisha kwa watu wote, hata wenye masikio yaliyolala vizuri.

Kule Maskati kuna Mganda anayetembea na umbo la sikio langu kichwani.

Baada ya hapo wakaanza kuniomba. Hadithi imesimama, walisema. Yule Dada amekaa juu ya magunia ya mpunga Kagongwa mwaka mzima sasa, hakuna anayeweza kumwinua, maana zamu ni ya Kulwa na hakuna mwingine wa kuichukua ila mimi. Akinyi alisema, "Doto, hatutaki uwe Kulwa. Tunataka tu huyu mtu asife njaa huko kwenu."

Nilikataa kwa muda mrefu. Niliogopa kwamba wataisikia tena ile sauti waumie. Hilo ndilo nililowaambia. Jingine sikulisema: niliogopa kwamba nikifungua kinywa kusimulia, kile kilichosimama mlangoni kitaingia, na mama ameshanikataza. Sikuwa nahofia kuitwa, sijui hata kama ninaamini. Nilihofia mama apoteze wote wawili, hata kama ni kwa mawazo yake tu.

Na nikatamani jambo moja baya. Nilitamani kumfikisha. Kagongwa hadi Shinyanga si mbali, Shinyanga hadi Mhunze ni karibu kabisa. Ningemwinua pale kwenye magunia, ningempandisha gari, jioni angekuwa anafungua mlango wa bati wa mama. Kulwa hakurudi, hata mwili. Basi arudi huyu. Ningevunja sheria yao kwa dakika tatu tu za kurekodi.

Nilimweleza Happy. Happy ni mteja wangu, binti wa hapa Geita aliyesoma chuo, na ndiye aliyenifungulia blogu hii. Anafanya utafiti kuhusu wanawake wanaohama na maandishi yao, na anapenda rasta ndogondogo, kwa hiyo tunapata muda mrefu. Aliposikia habari za Kamba ya Nguo aligeuka ghafla nikamvuta nywele.

"Dada Doto! Hicho mnachofanya kina jina chuoni!"

Nikamuuliza jina gani. Akasema ni ufeministi unaovuka mipaka. Wanawake wa nchi tofauti wanaoshikana bila kusubiri serikali zao, na bila mmoja kujifanya anayajua maisha ya mwenzake. Nikalipenda hilo la mwisho. Nikawaandikia wenzangu kundini, nikawaambia tuna jina. Akinyi akajibu, "Mimi nilidhani kinaitwa kuanika nguo." Nikamsomea Happy, tukacheka mpaka akaomba tupumzike.

Halafu Happy akaniuliza taratibu kama Kulwa alinyanyaswa. Nikamwambia ndiyo. Alilala stoo. Alikula baada ya wote. Homa ilipoanza aliambiwa ni uvivu. Ni kweli yote. Na ni kweli pia kwamba alimkalisha mtu juu ya magunia ya mpunga na kumsubirisha salamu. Sitaki watu wamjue kwa stoo peke yake. Happy akasema, "Basi andika vyote viwili. Usinifichie hata kimoja." Ndiyo ninachojaribu hapa.

Jumamosi nilikwenda Mhunze.

Nilipita njia ya Kahama makusudi, ili nipite Kagongwa. Gari lilisimama kidogo pale. Nikaona mashine za mpunga, pumba zimerundikana kama vichuguu, magunia yamepangwa nje. Nilitafuta kwa macho. Najua ni upuuzi. Kulikuwa na mwanamke ameketi juu ya gunia anachezea simu, amevaa kandambili, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto.

Mama nilimkuta uani anageuza michembe juani, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Kishapu mvua haijagusa kabisa, michembe inakauka vizuri hadi inalia ukiitikisa. Nywele zake zimeota tena, nyeupe zaidi kuliko zile zilizonyolewa. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia nimekonda, akaniuliza kama Geita siku hizi watu wanakula dhahabu. Tukageuza michembe pamoja.

Nilikuwa na rekodi ya Kulwa mfukoni. Sikuitoa. Nikasema, mama, kuna hadithi nataka kukusimulia, nikaanza mwanzo, kwenye mlango wa jokofu.

Mama alifumba macho.

Mwanzoni nilidhani ni jua. Kisha nikaelewa anachofanya. Akinitazama anamwona Doto. Akifumba macho haoni mtu, anasikia sauti. Nilitaka kunyamaza. Nikaendelea. Nilisimulia polepole, nikamzungusha Yule Dada hata mahali ambapo wenzangu hawakumpitisha, ili safari irefuke. Mama alicheka nilipofika kwenye mwiko wa kasia. Nilipofika Kagongwa, kwenye ile mwangaluka iliyokosa jibu, nikasimama, kwa kuwa hapo ndipo Kulwa alipoishia.

Mama hakufumbua macho. Akauliza, "Amekula?"

Nikasema haijasemwa.

"Hajala. Ndiyo maana hajaitikia. Ana njaa huyo." Mkono wake ukapapasa michembe. "Na miguu je? Amewekewa maji ya miguu?"

Nikasema bado.

"Mtu amekaa juu ya gunia la mpunga na hakuna aliyempa hata wali. Kagongwa hiyo hiyo!" Aliwakasirikia watu wa Kagongwa kweli kweli. Kisha akafumbua macho, akaniangalia, akaniona mimi. Aliniangalia muda mrefu.

"Huyo si Kulwa," alisema.

"Hapana mama. Si Kulwa. Ni mtu wa hadithi."

"Hana pacha."

"Hana."

Akachukua kipande cha michembe, akakivunja, kikalia kama kijiti. "Basi huyo unaweza kumlilia," alisema. "Huyo hakuna aliyekukataza."

Akainuka, akaenda ghalani kutafuta mfuko. Alikaa ndani muda mrefu kuliko mfuko unavyohitaji. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na mikononi ana michembe ya kunitosha mwezi mzima. Hatukuongea tena habari hiyo. Wakati wa kuondoka kwangu jirani mmoja alipita, akaita, shikamoo Mama Kulwa, naye akaitika kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Basi leo, baada ya kichwa cha pili, nilifunga kibanda. Nikashika simu yangu mwenyewe, si ya Kulwa. Nimeomba waniingize kundini kwa namba yangu. Nikasema kwanza, "Mimi ni Doto. Naongea mimi, Doto." Nikapumua. Nikaanza.

Nilisema Yule Dada bado ameketi Kagongwa na anaangalia barabara. Sikumwinua. Gari likaja kutoka upande wa Shinyanga, likasimama. Akashuka bibi mmoja mwenye nywele nyeupe fupi, amebeba sufuria iliyofungwa kwa khanga. Bibi hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye magunia, akaketi, akafungua sufuria. Michembe iliyopikwa na karanga, bado ya moto. Hakusema, mwanangu ulikuwa wapi. Hakusema, unarudi lini. Akaichukua miguu ya Yule Dada akaiweka mapajani mwake, akaanza kuikanda. Yule Dada akala. Akala kwa upande wa kushoto wa mdomo, kama alivyokuwa anakula Kulwa. Alipomaliza robo tatu ya chakula akasimamisha mkono, akamtazama yule bibi usoni. Na bibi akamwambia, mwangaluka. Na lile jibu likaja.

Sheria inasema asifike nyumbani. Hakuna mahali inapokataza nyumbani kumfuata.

Hapo nilikuwa nalia. Nilianza kulia kwenye michembe, nadhani, na nikaendelea kusimulia ndani ya kilio mpaka mwisho, na sikufuta. Nikasema, zamu ni ya Nakato. Nikatuma.

Niliketi hapa nyuma nikalia vizuri, kwa sauti, kama mtu aliyepewa ruhusa. Mama wa kibanda cha pili, muuza viatu vya mitumba, alichungulia akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia, dada mmoja wa Kagongwa. Akasema pole sana mwaya, mlikuwa mnafahamiana? Nikasema sana.

Nakato alijibu kwanza. Alituma kicheko kidogo chenye machozi, kisha picha. Amefumua nywele. Zimesimama zote, nyeusi, zinangoja mkono mwingine. Chini yake ameandika kwamba mama yake mzazi yuko Masaka, naye ameshakata ndizi, anauliza gari la Kagongwa linapita saa ngapi.

Kisha Akinyi, kwa mwangwi wa chooni: "Doto wewe ni mjanja! Hujamfikisha na hujamwacha! Sasa sikia, mamangu hawezi kubaki nyuma. Anakuja na omena, nyinyi mnaita dagaa. Muwaambie hao watu wa mpunga wapishe, magunia mawili hayatutoshi." Na Tigist akaandika kwa Kiswahili chake cha kamba ya nguo: mama mimi kuja, kahawa, jiko, vibanio.

Sijui vibanio ni vya nini. Pengine vya kubania paa la turubai, mvua ikinyesha wakiwa wamekaa.

Sasa inapiga radi upande wa ziwa. Huenda mawingu yamekumbuka yalichokuja kusema.

Nimekukumbuka sana leo, Kulwa. Si kwa kukuita. Nimekukumbuka tu kwa sababu ungecheka.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nitampigia mama kwenye kile kisimu chake kidogo nimwambie kuna wageni wanakwenda Kagongwa. Najua hatauliza ni akina nani. Atauliza ni wangapi, ili ajue aloweke michembe kiasi gani.